Breka za ITER zisisubiri kuchoka

Sakiti breka za ombwe, yaani swichi zinazokata umeme ndani ya chombo kisicho na hewa, zinazolinda sumaku za ITER, mtambo wa majaribio ya muungano wa nyuklia kusini mwa Ufaransa, zipimwe katika maisha yake yote, si siku ya kukabidhiwa tu.

Sumaku kuu 18 zitabeba ampea 68,000 na kuhifadhi jouli bilioni 41. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu (DC): haushuki wenyewe hadi sifuri kama wa majumbani, hivyo breka inapoukata, kapasita husukuma mkondo kinyume ili tao la umeme linalowaka kati ya nyuso zake lizimike. Kapasita huchakaa. Nyuso za kugusana za breka huliwa kila tao linapowaka, na ombwe likivuja halionekani kwa macho.

Ipo breka ya baruti ya akiba, lakini ikishalipuka hubadilishwa.

Wahusika watenge fedha za vipuri na upimaji sasa, matokeo yatangazwe.