Magari ya mgodini yakikosa dereva, nani atanunua mchele wa Kahama?

MKULIMA wa mpunga wa Kahama akiuza gunia lake haulizi fedha ya mnunuzi imetoka wapi. Sehemu ya fedha hiyo hutoka mgodini, kwa dereva wa lori la mawe wa Bulyanhulu au Geita. Akipata mshahara hununua mchele, hujenga, hupanda bodaboda. Siku akikosa kazi, wa kwanza kujua atakuwa mwenye genge.

Teknolojia ya kumwondoa dereva huyo ipo tayari. Katika mgodi wa Kibali, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mitambo ya kubeba mawe hufanya kazi chini ya ardhi bila mtu ndani yake. Mwendeshaji mmoja, akiwa ofisini juu, husimamia kadhaa. Wabia wakuu wa Kibali ni Barrick na AngloGold Ashanti, kampuni zilezile zinazoendesha Bulyanhulu na Geita.

Macho ya mitambo ya aina hii ni vihisi. Kifaa hutuma mwanga wa leza, na muda unaotumia kurudi huonyesha umbali wa ukuta. Magari mapya zaidi huongezewa kamera, na rada inayopenya vumbi. Programu ya akili mnemba huunganisha taarifa hizo na kubaini kilicho mbele ni jiwe au mtu. Kwenye barabara zenye ng'ombe, baiskeli na mikokoteni kazi hiyo bado ni ngumu. Mgodini njia hufungwa watu wasipite, ndiyo maana teknolojia hii hutangulia huko.

Kuipinga si busara, kwani inamwepusha mtu na hatari ya kuangukiwa na mwamba. Hata hivyo, kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinautaka mgodi uwe na mpango wa ajira na mafunzo, na wa kuhamisha teknolojia. Halmashauri na wafanyabiashara waulize mapema ni vijana wangapi wa hapa watafundishwa ufundi wa vihisi, na chakula kiasi gani kitanunuliwa kwa wakulima wa jirani.

Wakulima nao wajipange. Mwenye magunia matano hawezi kuomba zabuni ya mgodi. Chama cha ushirika chenye ghala, mizani na mchele uliopangwa kwa madaraja kinaweza. Kazi hiyo ianze sasa, wakati madereva bado wananunua.