Tusijifiche Nyuma ya Bankambo: Maneno juu ya Chikanda

Mtu akigusa tu neno la chikanda, jibu liko tayari: «Hiyo ni chakula ya bankambo, utatukatazaje?» Jibu hilo linatoka sokoni, linatoka hata kwa watu wenye diploma. Mimi ninasema ni jibu la uvivu, na ninalibishia hapa hapa, katika kijitabu cha desturi.

Chikanda (wengine wanasema kikanda, jina limetoka kwa Wabemba) watoto wa mjini wanaikula wakifikiri ni nyama ya kusaga. Hapana. Ni viazi vidogo vya maua ya pori, orkide. Vinakaushwa, vinatwangwa, unga unapikwa pamoja na karanga, pilipili, chumvi na soda kidogo mpaka unashikana, halafu unakatwa vipande. Ni tamu, sitadanganya mtu.

Maua yenyewe ni ya jamaa za Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis. (Iko moja wataalamu waliyoiita Disa katangensis: jina la jimbo letu la zamani liko juu yake, na sisi walimu hatujaliandika hata siku moja ubaoni.) Mengi yanaishi katika dambo, yale majani yanayoloa maji wakati wa mvua, miti ya miombo ikiyazunguka. Moto wa kiangazi unapita juu, kiazi kinalala chini bila hasara, na mvua ikirudi kinachipua. Ua hili halikuogopa moto. Linaogopa jembe.

Sikilizeni kwa nini. Chini ya shina kuna viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimekunjamana. Ndicho kinalisha ua la mwaka huu. Kingine ni kipya, kigumu. Ndicho ua la mwaka ujao. Mchimbaji anatafuta kile kipya. Muhogo unaung'oa, unakata mti wake, unaupanda tena. Hapa hakuna mti wa kupanda. Na mbegu? Ni vumbi tu, haina akiba ya chakula ndani. Haioti kama haikukutana na uyoga fulani mdogo sana ndani ya udongo. Kwa hiyo yule anayesema «Mungu atapanda tena» amwachie Mungu kitu cha kupanda.

Tena hatuwezi kusema hatukuonywa. Zambia walichimba mpaka viazi vikapunguka kwao, wakaanza kununua kwa jirani. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania peke yake viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka kwenda Zambia kila mwaka. Mwaka 2005 Watanzania wakafanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, wakiwaza hasa juu ya maua. Watu wa huko wanapaita Bustani ya Mungu. Biashara nayo haikulala. Ilitafuta njia nyingine, na viazi vikaanza kutoka Angola na kwetu Congo. Sasa fungueni karata mtazame Kasaji iko wapi: kwenye kona, Angola upande mmoja, Zambia upande mwingine, reli katikati. Kila mtu anashangilia korido ya Lobito. Reli itakayobeba kopa haitakataa gunia la viazi.

Hapa ndipo ninawauliza wenye neno la bankambo. Bankambo gani walijaza magunia na kuyauza kwa mtu wasiyemjua, wa mji wasiouona? Mama anayechimba kikapu kwa sufuria ya nyumbani, huyo yuko katika desturi. Mwenye kamyo anayenunua dambo zima, huyo ni mfanyabiashara kama wengine wote, na asitukopeshe heshima ya wazee wetu kwa kufunika bei yake. Hata sheria inawatenganisha: orkide zote ziko katika mkataba wa CITES ulioanza kazi mwaka 1975, nchi yetu iliingia mwaka 1976, na kuzivusha mpaka kunaomba kibali.

Wengine watasema: mwalimu, ona mashimo ya Kolwezi, vilima vizima vimeondoka, wewe unalia juu ya viazi! Kweli, mashimo ni makubwa kuliko majembe ya wamama. Lakini juu ya mashimo hatuulizwi. Dambo la Kasaji bado liko mikononi mwa machifu na vijiji.

Na tusiwapige wamama. Mama anauza kwa sababu karo ya shule haingoji. Kumkataza bila kumpa kitu kingine cha kuuza ni kumfundisha kuchimba usiku.

Ninachoomba ni kidogo. Chama chetu kiende kwa machifu, waseme dambo gani linapumzika mwaka huu na lipi linachimbwa. Na pale panapochimbwa, jembe lingoje mpaka maganda yapasuke na upepo upeleke vumbi lile la mbegu. Gunia la kwenda mbali likataliwe pale kijijini, mbele ya barabara. Na mvua zikianza, sisi walimu tutoke na wanafunzi, tuhesabu maua dambo kwa dambo, tuandike hesabu katika daftari. Mwaka wa pili tutahesabu tena pale pale, na daftari hilo tutaliweka mbele ya yule atakayekuja na neno la bankambo.