Dawa za miti kwa kuku: vipimo viko wapi?

Kila mwaka joto la kaskazi linapopamba moto, kati ya Februari na Aprili, wafugaji wa kuku wa mayai kutoka Kwale hadi Malindi huhesabu hasara. Trei hupungua, maganda huwa membamba, na mayai mengine hupasuka kabla ya kufika sokoni. Wakati huo ndipo mchuuzi wa unga wa kijani anapobisha hodi.

Unga huo aghalabu ni wa mlonge, ambao wengine huuita mzunze, pengine ukiwa umechanganywa na tangawizi, manjano au mwarobaini. Hatuudharau. Robo hivi ya uzito wa jani la mlonge lililokaushwa ni protini, na kiini cha yai hukolea rangi. Lakini rangi ya kiini si ushahidi kuwa kuku amekingwa na joto, na hapo ndipo mama aliyekopa pesa za chama kununua vifaranga anapopotoshwa.

Kuku hana tezi za jasho. Joto lizidipo nyuzi 30 hivi za selsiasi, yeye hutweta, na kwa kutweta huko hutoa hewa ya kaboni nyingi mno mwilini. Uwiano wa damu huvurugika, na chokaa ya kujengea ganda ikapungua. Isitoshe, hula kidogo. Ukimtilia mwarobaini, mchungu ulivyo, katika chakula ambacho tayari anakisusia, umemfaa nini? Hata mlonge una kiasi chake: utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kadiri ulivyozidishwa katika lishe, ndivyo utagaji ulivyopungua.

Pakiti isiyoonyesha kilichomo, wala kipimo kwa kila kilo ya chakula, haifai kuuzwa. KEBS ilisimamie hilo. Nacho kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa, kwenye joto lenyewe, kiyapime majani haya katika mabanda ya wafugaji wa kawaida, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili.

Kwa sasa mfugaji aanze na yasiyo na shaka: makuti juu ya mabati, maji baridi kivulini, kuku wasisongamane, na chakula kitolewe alfajiri na jioni. Serikali za kaunti za Pwani zina maafisa wa mifugo. Ziwatume vijijini kabla ya Februari ijayo.