Shindano la Kukonda Si Zahanati

Kituo cha runinga kinachomlipa mtu kwa kukonda upesi kuliko mwenzake kinaendesha mchezo, na mchezo huo hauna haki ya kuitwa kipindi cha afya. Tunalisema hili mapema kwa sababu Nairobi imeshaucheza. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Citizen TV, yenye makao yake Kilimani, ilirusha misimu kadhaa ya Slimpossible: wanawake wanene wakakusanywa, wakafanyishwa mazoezi, wakapandishwa kwenye mizani huku nchi ikitazama, na mizani ikaamua nani abaki. Kielelezo cha vipindi vya namna hii kilitoka Marekani, ambako NBC ilianza kurusha The Biggest Loser mnamo Oktoba 2004. Hatuna neno na wanawake wale. Walithubutu kusimama mbele ya kamera na mwili ambao jamii hii huucheka. Lawama yetu ni kwa somo ambalo vipindi vya aina hii humwachia mtazamaji sebuleni, kwa kuwa somo lenyewe ni bovu, na bado linafundishwa katika vipindi vya asubuhi na katika majimu ya Westlands hadi Kileleshwa.

Tuanze na mizani yenyewe. Ini na misuli huhifadhi akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Mtu akiacha ugali, chapati na wali kwa siku chache, akiba inakwisha na maji yake yanatoka. Mizani inashuka kilo mbili tatu, mtangazaji anapiga makofi, mama anatokwa na machozi ya furaha, na mafuta yamebaki karibu pale pale. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kalori 7,700. Anayepunguza kalori 500 kila siku, jambo ambalo si dogo, atahitaji wiki mbili na ushei kuiondoa. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kupunguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Katika shindano, mwenye kufuata ushauri huo ndiye anayefungashiwa virago.

Kinachofuata baada ya taa za studio kuzimwa kinajulikana, kwa kuwa kimepimwa. Mnamo 2016 watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia washiriki 14 wa The Biggest Loser wa msimu wa 2009. Walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 58 kila mmoja. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41. Mshiriki mmoja tu kati ya 14 ndiye hakuwa ameongeza uzani tangu fainali, na wanne walikuwa wazito kuliko siku walipoingia shindanoni.

Watazamaji wengi watasema hao ni wavivu waliorudia chipsi. Hapo ndipo utafiti huo unapopaswa kutunyamazisha. Mwili wa mtu aliyetulia tu, hata akiwa amelala, huchoma kiasi fulani cha nishati ili moyo upige na mapafu yafanye kazi. Miili ya washiriki wale ilikuwa inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzani na umri wao, na upungufu huo haukupona kwa miaka sita; ulikuwa mkubwa kuliko ule uliopimwa shindano lilipomalizika. Leptini nayo, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha, ilikuwa imeporomoka mwisho wa shindano, na miaka sita baadaye bado haikuwa imerudi ilipokuwa awali. Mtu huyo anasikia njaa zaidi huku mwili wake ukihitaji chakula kidogo zaidi. Kumwambia akaze moyo ni dhihaka.

Uchambuzi uliofuata kuhusu kundi lilo hilo ulionyesha ni nani aliyefanikiwa kubaki mwembamba: waliozidisha sana mwendo wa kila siku. Kiasi kilichokadiriwa ni takriban dakika 80 za shughuli ya wastani kila siku, au 35 za mazoezi makali, miaka nenda miaka rudi. Hebu mhariri wa vipindi atueleze kwa nini habari hiyo, ambayo ndiyo yenye manufaa kuliko zote, haina nafasi hewani. Jibu tunalijua. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kasi kila siku kwa miaka sita hawezi kukatwa vipande vya dakika 45 vyenye muziki wa wasiwasi.

Badala yake tunaonyeshwa mateso. Msimu ule wa 2009 wa Marekani ulifunguliwa kwa mbio za maili moja ufukweni, na washiriki wawili waliishia hospitalini. Mtu wa kilo 150 ambaye hajakimbia kwa miaka hapaswi kukimbizwa siku ya kwanza. Magoti yake yanajua hivyo, na misuli iliyochoshwa kupita kiasi huweza kuvunjika na kumwaga ndani ya damu vitu vinavyoziba figo. Kukonda kwa kasi mno pia huongeza hatari ya vijiwe kwenye nyongo. Mnamo Februari 2014 mshindi wa The Biggest Loser alitokea jukwaani akiwa na kilo zisizofika 48 kutoka 118, na wakufunzi wenyewe wakaonekana wameduwaa. Hakuvunja kanuni yoyote. Alizitii kanuni za mchezo hadi mwisho.

Washiriki wa vipindi hivyo angalau huwa na daktari karibu. Anayewaiga hana. Ndiye huyo unayemwona Arboretum Jumamosi asubuhi amejifunga nailoni kiunoni, akiamini kuwa jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji na chumvi. Wala hakuna zoezi la tumbo linaloyeyusha kitambi peke yake. Mwili huchota mafuta pale unapotaka wenyewe, si pale mkufunzi anapoelekeza kidole.

Kuhusu chakula, uharibifu ni mkubwa zaidi, kwa sababu chakula kina tabaka lake la kijamii. Ushauri wa runinga hupikwa katika jiko ambalo mshiriki hakulinunulia kitu: brokoli, maziwa ya lozi, samaki wa kuchoma, matunda sita kwenye sahani moja. Mama wa Kangemi anashuka matatu saa moja na nusu jioni akiwa na shilingi za kununua unga na sukuma wiki. Akiambiwa kwamba ugali ndio adui na kwamba asile baada ya saa moja, ameambiwa alale njaa. Kesho saa nne asubuhi, mjini, tumbo litamdai, na kilicho karibu ni smoki, mandazi na soda. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite takriban kiasi hicho kwa siku nzima, na ingekuwa bora akomee nusu yake. Yeye anaihofia sima iliyo na maharagwe, omena au managu, chakula ambacho kwa kipimo cha wastani hakina kosa lolote, na anaisahau chupa. Runinga haitamkumbusha. Matangazo ya soda ndiyo yanayolipia umeme.

Halafu kuna wanaokata tamaa kabisa wakaelekea kwenye vibanda vya River Road kutafuta chai ya kukondesha. Nyingi ya chai za aina hiyo zina sena, yaani dawa ya kuharisha. Nyingine zimewahi kukutwa duniani zikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mnamo 2010 kwa sababu ya hatari yake kwa moyo na mishipa. Hili ni la Bodi ya Famasia na Sumu, na bodi hiyo iko Lenana Road, mwendo mfupi tu kutoka mjini.

Tatizo la unene si la kubuniwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzani uliozidi; ule wa 2022 ulikuta asilimia 45 miongoni mwa wa miaka 20 hadi 49. Hata ukizingatia kwamba umri uliohesabiwa haukulingana, mwelekeo ni wa kupanda. Lakini jiji lililojenga barabara ya kasi ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na kumwacha mtembea kwa miguu wa Kawangware aruke mitaro huku pikipiki zikimpigia honi, haliwezi kumtupia mtu mmoja mmoja lawama yote. Dakika 80 zile zinahitaji njia ya kupita. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kuwatengea watembea kwa miguu na waendesha baiskeli sehemu ya bajeti ya barabara. Shindano la runinga halijawahi kuwauliza magavana pesa hizo ziko wapi; ni rahisi zaidi kumuuliza mwanamke kwa nini amekula chapati.

Sheria ya Wataalamu wa Lishe na Milo ipo tangu 2007, na taasisi ya kuwasajili ipo. Mamlaka ya Mawasiliano, kutoka ofisi zake za Waiyaki Way, hutunga kanuni za vipindi. Basi wazitumie. Asitoe mtu ushauri wa lishe hewani kama hajasajiliwa, na jina na nambari yake vionekane kwenye skrini. Kituo kinachorusha shindano la kupunguza uzani kitangaze katika kila kipindi mshiriki alikula kalori ngapi na kufanya mazoezi saa ngapi kwa siku, badala ya kuficha kiwanda na kuonyesha bidhaa. Nusu ya zawadi izuiliwe kwa miaka miwili, na ilipwe kwa kupimwa shinikizo la damu, sukari na nguvu za mwili, si kilo pekee. Na washiriki wote, walioshinda na waliotimuliwa wiki ya kwanza, warudishwe hewani baada ya muda huo tuwaone walivyo. Kituo kitakachosema masharti haya yanaharibu kipindi kitakuwa kimekiri kipindi chenyewe ni cha nini, na kinyimwe kibali cha kukiita cha afya.