Kiolezo cha Jino Si Daktari

Ukipita Otonglo, kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Busia, huenda ukakutana na mzee wa Kijaluo asiye na meno sita ya mbele ya chini. Aling'olewa ujanani, kwa mila ambayo vijana wa leo hawaifuati. Tuseme wajukuu wamechanga pesa wampandikizie mengine.

Pengo likikaa miaka mingi, mfupa wa taya husinyaa. Kuutia skrubu ya titani kwa kukisia ni hatari. Kekee ikitokeza upande wa ulimi, mshipa wa damu huweza kukatika, na uvimbe ukaziba pumzi. Hapo ndipo kiolezo kinapofaa. Taya hupigwa picha ya pande tatu, daktari hupanga kwenye kompyuta mahali, kina na mwinamo wa kila skrubu, kisha printa hutoa kiolezo chenye matundu ya kuongoza kekee.

Lakini tusidanganyane. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba hata kwa kiolezo, skrubu hupotoka wastani wa milimita 1.2 inapoingia, na nyuzi 3.5 za mwinamo. Picha mbovu huzaa kiolezo kibovu.

Basi kabla ya kulipa, uliza: picha imepigwa lini? Nani aliyepanga? Mumeacha milimita ngapi za usalama? Kisha omba nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na taya nayo ni mali, tena ni amana.