Mfagiaji wa Maktaba Naye Alindwe

Watu wengi hufikiri ya kuwa hatari ya damu ni ya mganga na muuguzi peke yao. Lakini damu haikai hospitali tu. Mahali po pote watu wote wanapoingia bila kuulizwa jina, hapo damu yaweza kumwagika. Maktaba, yaani nyumba ya vitabu ya watu wote, ni mahali pa namna hiyo.

Fikiri kazi ya mtunza maktaba. Mtoto anatoka damu puani juu ya kitabu. Mzee anaanguka na kupasuka kichwa. Mtu ameacha wembe kati ya kurasa, au sindano chooni. Ni nani atakayeviondoa? Si mganga. Ni mtunza vitabu au mfagiaji, na mara nyingi kwa mikono mitupu.

Huko Philadelphia, katika Marekani, watu wenye kutumia heroini walikuwa wakiacha sindano zao katika bustani ya maktaba ya McPherson Square. Katika mwaka 2017 habari ilienea ya kuwa watunza vitabu wa hapo walikuwa wamejifunza kutumia dawa ya naloksoni, wapate kuwaokoa waliozimia kwa heroini. Walisomea kazi ya vitabu, wakajikuta katika kazi ya uuguzi.

Usiseme, «Hayo ni mambo ya Marekani.» Sisi wa Kongo twajua nguvu ya sindano moja. Huko Yambuku, mwaka 1976, sindano 5 zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wengi, zikatumiwa kwa huyu na huyu bila kuchemshwa. Ndivyo Ebola ilivyoenezwa, na watu 280 walikufa.

Magonjwa ya damu tunayoyaogopa hasa ni matatu: hepatiti B, hepatiti C, na Sida. Watu 1000 wakichomwa na sindano yenye damu ya mtu wa Sida asiyetumia dawa, karibu 3 huambukizwa. Lakini kwa hepatiti B, kama hawakuchanjwa, wataambukizwa 6 hata 30 katika kila 100. Tena kijidudu chake chaweza kukaa siku 7 katika damu iliyokauka. Basi ugonjwa unaosahauliwa ndio unaoshika upesi zaidi, na ndio wenye chanjo!

Wengine husema, «Wafukuzeni wagonjwa na walevi, maktaba itakuwa salama.» Mimi nasema, sivyo. Uso wa mtu hauonyeshi habari ya damu yake. Mwenye nguo safi aweza kuwa na hepatiti B miaka mingi bila kujua. Tusiogope watu, tuitunze damu ya kila mtu kwa namna moja.

Tena nasema, mzigo huu si wa mfagiaji peke yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 yaagiza wenye kazi watoe chanjo ya hepatiti B bure kwa wafanyakazi wanaotazamiwa kukutana na damu. Ni sheria njema. Lakini mtunza vitabu aweza kuachwa nje, kwa kuwa husemwa damu si kazi yake. Kwa mawazo yangu, mtu anayetumwa kusafisha choo cha watu wote amekwisha kuhesabiwa. Achanjwe mara 3 kabla hajachomwa, na mwenye nyumba alipe.

Yafaa kila mfanyakazi ajue haya:

1. Usiokote sindano kwa vidole, wala usirudishe kifuniko chake. Glavu huzuia damu, haizuii ncha. Tumia koleo, uitie katika chombo kigumu chenye kifuniko.

2. Damu iliyomwagika uifute kwa kitambaa, ukiwa umevaa glavu. Kisha mimina dawa ya javeli, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, ungoje dakika 10.

3. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni. Usifyonze, usikamue, wala usitie javeli katika kidonda.

4. Nenda kwa mganga siku ile ile. Dawa ya kuzuia Sida ianzwe upesi, isipite saa 72, nayo humezwa siku 28. Usifiche kwa kuona haya.

Wewe uliye mzee wa kamati ya shule, au ya chumba cha kusomea, kabla hamjanunua rafu mpya, ulizeni: Yule anayefagia hapa amechanjwa? Glavu zake ziko wapi? Akichomwa leo, atakwenda kwa nani? Kama hakuna ajuaye jibu, fedha za rafu zianze kwa mfagiaji.