Fadhaa na Ugonjwa wa Moyo Bondeni mwa Mto Tana

Wengi huamini kwamba ugonjwa wa moyo huletwa na chumvi, mafuta na tumbaku tu, na kwamba mtu wa Ndera, bondeni mwa Mto Tana, alaye samaki wa mto na kulima kwa jembe la mkono, amesalimika nao. Imani hiyo husahau dhiki ya nafsi. Utafiti wa INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52, zikiwemo za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2004, uliitaja dhiki hiyo miongoni mwa mambo tisa yanayoeleza sehemu kubwa ya hatari ya shambulio la moyo, yaani kuzibika ghafla kwa mshipa unaoulisha moyo wenyewe.

Mtu akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, kemikali ziharakishazo mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu, liitwalo presha. Hali hiyo ni rehema mbele ya mamba, kwa kuwa hupita. Hofu ikikaa miaka, mishipa huchakaa.

Na huku bondeni hofu imekaa. Mapigano ya Wapokomo, wakulima, na Waorma, wafugaji, yaliyopamba moto Agosti 2012, watu zaidi ya 50 walipouawa kijijini Riketa, yaliacha wajane na yatima pande zote mbili. Kisha yakaja mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024. Mama aliyepanda mahindi ukingoni, akayaona yamezama yakiwa yanachanua, hulala chini ya turubai akiwaza karo na deni la dukani, na usingizi humpotea. Huzuni ikizidi kuwa sonona, ambayo ni maradhi na wala si udhaifu wa imani, hata vidonge vya presha husahauliwa.

Kwa hiyo yampasa mhudumu wa zahanati, anapomfunga mgonjwa kitambaa cha kipimo cha presha mkononi, amuulize pia kama analala, na nani amebaki naye nyumbani. Nao wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, wakikubaliana mapema juu ya malka, njia za mifugo kuteremkia majini, huwaondolea watu hofu ambayo hakuna kidonge kiwezacho kuiondoa. Walakini aliyeandikiwa dawa ya presha asiiache kwa sababu amefarijika au ameombewa. Aitumie kila siku, na jirani amkumbushe.